Jinsi ya Kununua Chapa za Sanaa za Toleo Maalumu Jijini Nairobi

Chini ya picha, upande wa kushoto, utaona nambari mbili zilizoandikwa kwa penseli na kutenganishwa kwa mkwaju, tuseme 12/40. Katikati huandikwa jina la kazi, na upande wa kulia sahihi ya msanii, mara nyingi pamoja na mwaka. Nambari ya kwanza ni ya karatasi uliyoishika mkononi. Ya pili ni jumla ya karatasi ambazo msanii ametangaza kwamba zimechapwa, na kwamba baada ya hizo hapatachapwa nyingine. Hiyo ndiyo maana ya toleo maalumu: idadi imefungwa. Ukiinunua chapa hiyo kwa shilingi elfu ishirini, ilhali bango la ukubwa uleule lingekugharimu elfu mbili, sehemu kubwa ya tofauti hiyo imesimama juu ya ahadi iliyoandikwa kwa penseli, na penseli, kama ajuavyo kila aliyepita shule ya msingi, haimwombi mtu kibali. Kwa hiyo kazi kubwa ya mnunuzi ni kujua aliyeahidi ni nani, ameahidi nini hasa, na kama njia aliyotumia kuchapa inamruhusu aivunje ahadi hiyo kesho.

Namwandikia mkazi wa Nairobi ambaye amependa kazi ya msanii fulani, bei ya mchoro asili wa rangi ya mafuta imemshinda, na sasa ameambiwa kwamba ipo chapa ya picha hiyo kwa bei ambayo anaweza kuimudu akijibana kidogo.

Chapa asili na nakala ya mchoro

Kabla ya kuuliza bei, uliza picha hiyo ilizaliwa wapi. Kuna chapa ambayo haina mchoro mwingine nyuma yake: msanii alichonga ubao, au kipande cha lino, yaani lile tandiko laini la sakafuni, au akachora kwa sindano na asidi juu ya bamba la shaba, au akachora juu ya jiwe la litografia, au akatayarisha skrini, yaani wavu wa kupitishia wino, moja kwa kila rangi, na kile kinachotokea kwenye karatasi ndicho kazi yenyewe. Hiyo huitwa chapa asili, hata kama zipo arobaini. Halafu kuna nakala ya mchoro, ambapo msanii alipaka rangi kwenye kanvasi, mchoro ukapigwa picha au ukapitishwa kwenye skana, na faili ikachapwa kwa printa kubwa ya wino juu ya karatasi nzuri. Njia hii ya pili hupewa jina la jikle, neno lililobuniwa mwaka 1991 na Jack Duganne, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Nash Editions huko California, kutoka kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kurusha majimaji. Alihitaji jina ambalo lisingewafanya wateja wafikirie printa ya ofisini. Alifaulu, maana hadi leo wapo wanaolitamka kana kwamba ni aina ya karatasi ya thamani kuliko dhahabu.

Tofauti hii haikubuniwa na wajuzi wa sanaa ili kuwababaisha wageni. Hata watu wa forodha wanaitambua. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, chapa asili ziko chini ya kichwa 9702, na maelezo yake yanataka ziwe zimechapwa moja kwa moja kutoka kwenye bamba ambalo msanii amelifanyia kazi yote kwa mkono wake, bila njia yoyote ya kimashine au ya upigaji picha. Nakala zilizochapwa kwa mashine huwekwa kwenye 4911, pamoja na mabango na picha nyingine za kuchapwa. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba yote ni mamoja huenda hajui anachokiuza, au anakijua vizuri sana.

Ukibahatika kuingia katika karakana ya mchongaji siku anapochapa, kaa utazame mpaka mwisho. Atamwaga wino mweusi mzito juu ya kioo, ataukanda kwa rola hadi utoe sauti nyembamba ya kuchemkachemka, kama mafuta yanayoanza kupata moto, na kwa sauti hiyo atajua kwamba umetandazika vya kutosha. Ataupitisha juu ya ubao aliouchonga kwa majuma kadhaa, atalaza karatasi taratibu, atasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko cha mbao au ataupitisha ubao wote kwenye mashine ya kugandamiza, kisha atainua pembe moja na kuchungulia. Picha hutokea imegeuka, kushoto kukiwa kulia. Dennis Muraguri, ambaye matatu za Nairobi ndizo mada ya chapa zake kubwa za ubao, hana budi kuyachonga maandishi yote ya ubavuni mwa gari kinyumenyume ili yasomeke sawasawa kwenye karatasi. Peterson Kamwathi naye alijulikana mapema kwa chapa za ubao kabla ya michoro yake mikubwa ya makaa. Nawataja hawa wawili kwa sababu kazi zao ni shule nzuri ya macho: ukiisogelea chapa ya ubao ya msanii wa namna hiyo, utaona mahali patasi ilipoteleza, na utaona wino umekaa mzito kwenye kingo za kila mstari.

Mambo hayo unaweza kuyachunguza mwenyewe. Nunua kioo kidogo cha kukuzia, kile wanachotumia masonara, chenye uwezo wa mara kumi. Ukikiweka juu ya bango lililochapwa kwa mashine za kawaida za magazeti na kalenda, utaona vitone vya rangi nne vilivyojipanga kwa mpango, vikiunda vijiua vidogovidogo. Ukikiweka juu ya jikle, utaona vumbi laini la vitone visivyo na mpango, kama rangi iliyopulizwa. Ukikiweka juu ya chapa ya ubao au ya lino, hutaona vitone kabisa: rangi ni bapa moja, na pembeni ya umbo wino umesukumwa ukaacha ukingo mwembamba. Igeuze karatasi, uipitishe kidole kwa mgongo wa ukucha. Kwenye chapa ya ubao au ya lino, wakati mwingine utahisi alama za mchoro. Chapa ya bamba la shaba huwa na alama ya mstatili uliodidimia kuizunguka picha, mahali bamba lilipokandamizwa. Sahihi nayo, inamishe karatasi kidogo kwenye mwanga: penseli halisi humeta na huacha mfereji mdogo kwenye karatasi. Sahihi iliyo bapa na nyeusi kama picha yenyewe imechapwa pamoja na picha.

Maoni yangu ni haya. Si aibu kununua jikle, na kwa mchoraji wa rangi za mafuta ambaye hajawahi kushika patasi, hiyo ndiyo njia pekee ya kazi yake kufika kwenye ukuta wako. Lakini ikiwa jikle ya msanii mmoja na chapa ya lino ya mwingine zinauzwa kwa bei moja, na zote mbili unazipenda sawa, chukua ya lino.

Kuihesabu ahadi

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua nakala ya mchoro wa soko, yenye nambari 7/30, kwenye maonyesho ya mwisho wa juma. Baada ya miezi mitatu hivi nikaikuta picha ileile kwenye ukuta wa mkahawa mmoja, ikiwa kubwa maradufu, nayo imeandikwa 7/30. Nilimpigia muuzaji.

“Kaka, hii ya mkahawani ni nini?”

“Hiyo ni toleo la saizi kubwa, mkubwa. Yako ni toleo la saizi ndogo. Na kuna lile la kanvasi.”

“Kwa hiyo zote ni ngapi?”

Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwamba angemuuliza msanii. Sijajibiwa hadi leo. Hakunidanganya kwa neno hata moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza swali baya. Niliuliza kama ni toleo maalumu, naye akasema ndiyo.

Swali sahihi ni hili: picha hii imechapwa au itachapwa jumla ya karatasi ngapi, katika saizi zote, juu ya vitu vyote, pamoja na zile za msanii mwenyewe? Uliza hivyo hivyo, kwa ukamilifu huo, na uombe jibu liandikwe. Msanii mwaminifu hatakasirika. Wengi hufurahi kuona kwamba mnunuzi anajua anachokiuliza.

Hizo “za msanii mwenyewe” zinahitaji maelezo. Pamoja na karatasi zenye nambari, huwa kuna nyingine chache zenye herufi badala ya nambari. A.P. ni nakala za msanii, na kazi zilizochapwa Ufaransa huziandika E.A.; kwa desturi hazizidi sehemu ya kumi ya toleo, yaani toleo la arobaini liwe na nne hivi. P.P. ni ya mchapaji, shukrani ya karakana iliyofanya kazi. B.A.T. ni ile karatasi moja ambayo msanii aliikubali kuwa kipimo, na nyingine zote zikachapwa kuifuata. H.C. zilikusudiwa kuonyeshwa tu, zisiuzwe, ingawa nazo hufika sokoni. Hakuna ubaya wowote katika herufi hizi, na mimi mwenyewe nina A.P. moja ambayo siiuzi. Tatizo huja unapokuta toleo la ishirini lenye nakala ishirini za msanii, kwa sababu hapo toleo ni la arobaini na ishirini ya nambari ni pambo.

Watu wengi hung'ang'ania nambari ndogo, wakiamini kwamba 1/40 ni bora kuliko 38/40. Kwa njia nyingi za kuchapa haina maana yoyote: karatasi hukaushwa zikiwa zimechanganyika, kisha msanii huketi na kuzitia sahihi kwa mpangilio zinavyokuja mkononi. Njia ambayo nambari huweza kuwa na uzito ni ile ya kukwaruza bamba la shaba kwa sindano kavu bila asidi, ambapo kingo laini za metali zinazoshika wino na kuupa mstari ukungu wake mzuri hulala kidogo kila bamba linapopita mashineni, na baada ya karatasi kadhaa picha huanza kukonda. Hata hapo, tazama karatasi yenyewe kabla ya kutazama nambari.

Baada ya hesabu, uliza ubao uko wapi. Toleo likikamilika, msanii makini huufuta ubao au bamba: huukata kwa mstari mkubwa au huutoboa, na wengine huchapa karatasi moja ya ubao uliokatwa kama ushahidi. Lipo toleo linalojilinda lenyewe. Katika chapa ya lino ya kupunguza, ambayo Picasso aliitumia sana, msanii hutumia kipande kimoja cha lino kwa rangi zote: huchonga kidogo na kuchapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, huchonga zaidi na kuchapa ya pili juu yake, na huendelea hivyo mpaka kipande kikaribie kuisha. Anapofika rangi ya mwisho, lino ya rangi ya kwanza haipo tena duniani. Hata akitaka kuongeza karatasi moja kwa ajili ya mama yake mzazi, hawezi.

Faili ya kompyuta ni kinyume kabisa. Haichakai na haichoki. Kwa jikle, kwa hiyo, usiishie kwa msanii. Uliza ni nani aliye na faili. Mara nyingi iko kwenye duka la kuchapa lililofanya kazi, na pengine imekuwa huko kwa miaka bila mtu kuikumbuka. Msanii akikuambia kwamba faili kubwa anayo yeye peke yake, na kwamba mchapaji alifuta yake mbele yake, umempata mtu anayeijali kazi yake.

Na sahihi peke yake haitoshi. Mwaka 1974 maafisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa limebeba makumi ya maelfu ya karatasi tupu, zisizo na picha, zote zimetiwa sahihi ya mchoraji wa Kihispania, Salvador Dalí. Sahihi zilikuwa zake. Kilichokuwa bado ni mtu wa kuchapa kitu juu yake. Tangu hapo soko la chapa za Dalí limejaa shaka, na nisingemshauri mtu anayeanza aliguse, hasa akiletewa moja “ya bei ya kutupa” na rafiki wa rafiki.

Karatasi na wino

Hapa ni pafupi. Karatasi iwe ya pamba na isiwe na asidi, kwa sababu karatasi ya kawaida ya mbao hugeuka njano na kuvunjika kama chapati ya juzi. Uzito wa gramu 300 hivi kwa mita mraba ni wa kawaida kwa jikle nzuri. Chapa za kusuguliwa kwa mkono hupendelea karatasi nyembamba zaidi, kwa hiyo wembamba pekee si kasoro. Majina kama Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani cha tangu 1584, au Arches, au Somerset, ni ya kuaminika, na baadhi ya karatasi huwa na alama ya maji inayoonekana ukiinua karatasi dirishani. Wino wa jikle uwe wa pigimenti, maana wino wa rangi iliyoyeyushwa hufifia upesi. Muuzaji asiyejua ni wino gani aagizwe kuuliza. Jihadhari pia na nakala za kanvasi zilizopakwa jeli inayofanana na mapigo ya brashi; hiyo jeli huwekwa ili jicho lidanganyike.

Mahali pa kuanzia

Anza kwa msanii. Nairobi ina bahati kwamba wasanii wengi hufanya kazi katika karakana za pamoja na hupokea wageni. Kuona, iliyoanza mwaka 1995 katika uwanja wa Makumbusho na baadaye ikahamia Kilimani, ndiyo iliyowalea wengi wa kizazi kinachochapa sasa. Piga simu kwanza, usiende asubuhi na mapema, na usianze kuomba punguzo kabla hujaangalia kazi. Ukimwita fundi mwenye mvi “mwalimu”, hutakuwa umekosea, kwa sababu pengine nusu ya vijana waliomo humo ndani wamefunzwa na yeye.

Halafu majumba ya maonyesho: Circle Art Gallery huko Lavington, One Off huko Rosslyn, Banana Hill kwenye barabara ya kuelekea Limuru, na Red Hill mbele kidogo. Jumba likikuuzia, sehemu ya bei ni yake, na kwa malipo hayo unastahili kupata hati kamili, historia ya toleo, na mtu wa kumrudia jambo likiharibika. Circle pia iliendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2013, na katalogi za mnada ni mahali pazuri pa kuona jinsi kazi inavyoelezwa ipasavyo: jina, mwaka, njia, vipimo, nambari. Maonyesho ya sanaa za bei nafuu yanayoandaliwa na Kenya Museum Society katika Makumbusho ya Taifa ni mazuri kwa mwenye bajeti ndogo, ila kuna msongamano, na kwenye msongamano mtu hununua haraka. Nenda siku ya kwanza ukazungushe macho, unywe chai, urudi. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, si duka, lakini ukipita huko mara mbili tatu jicho lako litakuwa limeongezeka.

Maasai Market siikatai. Niliwahi kupata huko chapa ndogo ya lino kutoka kwa kijana aliyeichonga mwenyewe. Lakini nyingi zinazoitwa toleo maalumu hapo ni fotokopi za rangi zilizoandikiwa nambari asubuhi ileile.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba KRA itatoza VAT ya asilimia 16 pamoja na tozo nyingine za forodha. Mwombe muuzaji aeleze kwenye ankara, kwa maneno dhahiri, kama ni chapa asili ya mkono au nakala. Karatasi ikija ndani ya bomba la kadibodi, itoe siku hiyohiyo uilaze, usiiache imejikunja hadi mwisho wa mwezi.

Bei na risiti

Bei ya chapa moja huhusiana na ukubwa wa toleo, jina la msanii, ugumu wa njia, na kiasi kilichobaki. Wasanii wengi hupandisha bei toleo linapokaribia kwisha, na hilo ni halali. Anayenunua ya tano hulipa kidogo kuliko anayenunua ya thelathini na tano. Ukiona toleo la mia tano, lihesabu kama bango zuri lenye sahihi na ulipe kulingana na hilo. Usidhani kwamba utaiuza kwa faida mwaka ujao. Soko la kuuza chapa kwa mara ya pili hapa kwetu ni jembamba, na anayekuambia kwamba picha itakulipia karo ya mtoto anakuuzia karo, hakuuzii picha. Nunua unachotaka kukitazama unapokunywa chai miaka kumi ijayo.

Majumba mengi na wasanii hukubali ulipe kwa awamu. Ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe wa simu unathibitisha kwamba pesa zimetoka. Hauthibitishi zimenunua nini. Dai risiti inayotaja jina la msanii, jina la kazi, mwaka, njia ya kuchapa, aina ya karatasi, vipimo vya picha na vya karatasi, nambari yako, jumla ya toleo pamoja na nakala zote za herufi, bei na tarehe. Hati ya uhalisi yenye mhuri wa dhahabu lakini isiyo na mambo hayo ni kadi ya harusi.

Jua pia ambacho hukununua. Haki ya kunakili inabaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo huwezi kuichapa picha hiyo kwenye fulana au kalenda ya kampuni yako hata kama karatasi ni yako. Na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka haki ya msanii kupata asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Siku ukiipeleka mnadani, usishangae kuona makato hayo.

Kabla ya kutoa pesa, ikague karatasi ikiwa wazi, nje ya fremu. Nawa mikono, ishike kwa pembe mbili, itazame kwa mwanga wa ubavuni. Tafuta madoa ya kahawia kama kutu, mikunjo ya umbo la nusu mwezi inayotokana na kushikwa vibaya, na alama za gundi kwa nyuma. Angalia kwamba pambizo zote nne zipo.

Fundi wa fremu, dirisha na mvua

Pambizo nimezitaja kwa sababu maalumu. Chapa yangu ya kwanza ya ubao niliipeleka kwa fundi mmoja wa fremu mjini, mtu mpole na mwepesi wa kazi. Karatasi ilikuwa na pambizo ya vidole vinne kila upande, na chini palikuwa na nambari, jina na sahihi. Niliporudi Jumamosi, fremu ilikuwa inang'aa na picha imejaa hadi ukingoni.

“Ile nyeupe nimeitoa, mkubwa,” akaniambia kwa furaha. “Ilikuwa inachafua.”

Sahihi ilikuwa kwenye pipa lake, pamoja na vipande vya kadibodi. Niliviokota nikaenda navyo nyumbani, vimo kwenye bahasha. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa yeye alifanya alichozoea kuwafanyia wateja wa picha za harusi, nami sikumwambia lolote.

Sasa huandika maagizo na kumsomea fundi. Karatasi isikatwe popote. Isigandishwe kwenye hadibodi wala kupigwa pasi ya gundi; ishikiliwe kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa ngano, ili iweze kupumua na kutolewa siku yoyote bila kuumia. Selotepu ni marufuku. Maunti, yaani ile kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, iwe isiyo na asidi, na dirisha liache nambari na sahihi zionekane. Kioo kisiguse karatasi, kwa maana unyevu ukijikusanya hapo, wino hushikamana na kioo na ukungu huota. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno ni ghali, lakini ikiwa bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu cha anasa, kiwe hicho. Nyuma pazibwe vizuri, kwa sababu wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha huingia popote penye ufa na hula karatasi kwa utulivu mkubwa.

Kuhusu ukuta, Nairobi ina jambo lake. Tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako jua lina makali kuliko tunavyolihisi kwenye baridi. Dirisha linalotazama kaskazini, ambalo Januari halina jua, hupata jua katikati ya mwaka. La kusini hupata mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo ukuta uliouona Februari ukiwa na kivuli kizuri unaweza kuwa unaungua Juni. Kaa na ukuta wako mwaka mzima kichwani kabla ya kupiga msumari. Epuka ukuta wa nje unaotokwa na jasho wakati wa masika, ukuta wa bafu, na ukuta ulio juu ya jiko. Bandika vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na mvua za Aprili zikiisha, ishushe, uitazame mgongo, uifute vumbi.

Risiti na hati usivibandike nyuma ya fremu kama wengi wafanyavyo. Vipige picha, kisha uviweke kwenye bahasha pamoja na hati ya shamba au vyeti vya shule, kwa sababu fremu siku moja itarudi kwa fundi, na mgongo wa zamani ndio kitu cha kwanza anachokitupa.